Nilivyofundishwa Kazi na Mfereji wa Mugobwe

Siku mliponiaga ofisini mlinikalisha mbele, mkanipa kitambaa cha kikwembe na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niwape vijana neno la mashauri. Nilisema asanteni, nikaketi. Wengine walidhani nimeshikwa na machozi. Ukweli ni kwamba chakula kilikuwa kinapoa, na niliyokuwa nayo ya kusema yasingetosha ndani ya dakika tano. Sasa niko nyumbani Kasenga, magoti yananiuma wakati wa mvua na wakati wa jua pia, na muda ninao.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Vyeo vilichelewa na mishahara pia, hamna jipya la kujifunza hapo. Nitaeleza habari za mfereji mmoja wa maji, kwa sababu ndio ulionifundisha kazi, na kwa sababu karibu makosa yote mtakayofanya ninyi, mimi nilikwisha kuyafanya kwenye mfereji ule.

Mugobwe ni kijiji cha bondeni, mbele ya Runingu ukitoka mjini. Milima iko kushoto kwako, na mara nyingi utaona mvua ikinyesha kule juu huku chini kwenye mashamba vumbi linapanda. Wenyeji husema mvua yao ina ndugu wengi wa kusalimia njiani, ndiyo maana haifiki. Kuna wanaosema Kifuliiru na kuna wanaosema Kirundi, mashamba yao yamepakana, na Jumapili wanabanana kwenye benchi zilezile za kanisa. Wanalima muhogo, mahindi, maharage na tomati. Kutoka mtoni kuna mfereji waliouchimba babu zao kwa majembe. Nilipoufikia mara ya kwanza, nusu yake ilikuwa imefukiwa na mchanga.

Nilikuwa nimetoka shuleni na diploma ya kilimo, msichana mwembamba mwenye viatu visivyofaa. Ofisi ilinikabidhi kwa Mzee Bulambo, mwanimishaji wa siku nyingi, yaani mhamasishaji wa wakulima, anifundishe. Mzee Bulambo alifunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni hata kwenye joto la saa saba, alivaa buti za plastiki mwaka mzima, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Moto, ile pikipiki ya abiria, ilitushusha barabarani. Mimi nikaelekea moja kwa moja kule mtoni, kwa maana shuleni tulifundishwa kwamba mfereji unakaguliwa kuanzia maji yanapoingilia. Mzee akanishika mkoba.

“Unaenda wapi, Riziki?”

“Ku kichwa ya mfereji, Muzee.”

“Kule utakuta bantu bameshiba maji. Batakuambia mfereji iko muzuri. Tuanzie ku mukia, kwa ule mwenye shamba ya mwisho. Ule njo atakuambia mambo yote, na hatakuomba kitu.”

Tulitembea karibu saa nzima. Katika shamba la mwisho kabisa tulimkuta mwanamke anapalilia muhogo, kitambaa chekundu kichwani, mtoto mgongoni. Ndiye Mama Spesiyoza, mjane wa watoto wanne, msemaji wa Kirundi. Mzee Bulambo alimsalimia kwa lugha yake, akaomba jembe la pili, akaanza kupalilia naye. Mimi nikatoa kaye na biki niandike. Mzee akanitazama tu, nikavirudisha mkobani. Baadaye aliniambia kwamba mtu akiona biki anaanza kusema kama yuko mbele ya serikali.

Tulipokwisha kumaliza mistari miwili, Mzee aliuliza kama maji ya mfereji hufika pale.

“Inafika,” Mama Spesiyoza akasema. “Inafika siku ya mvua. Na siku ya mvua siko na lazima nayo.”

Hakucheka aliposema hivyo. Alituonyesha mahali mfereji ulipopasuka, mahali ng’ombe wanapovukia, na shamba la kila mtu anayekinga maji kwa mifuko ya mchanga ili yasiende chini. Aliwataja wote bila uchungu, kama anavyotaja mtu majina ya vituo vya barabarani. Jioni tulikula kwake bugali na sombe. Nilijifunza mengi siku ile kuliko miaka mitatu ya shule, ingawa sikujua bado kwamba nimejifunza.

Ushahidi kwamba sikujua ni habari ya mashine.

Mwaka uliofuata Mzee Bulambo alipelekwa milimani, nami nikaachiwa Mugobwe peke yangu. Ofisi ilikuwa na mradi wa mashine ya kuvuta maji. Mradi ulikuwa umeandikwa tayari, wenye kutoa msaada walikuwa wameupenda, kilichobaki ni wanakijiji waukubali. Niliitisha mkutano kanisani. Watu walijaa. Nikaeleza mashine itakavyowekwa kwenye bwawa la chini na kumwagilia yale mashamba ya mkiani yasiyopata maji. Nilijiona nawatetea maskini.

Mama Spesiyoza alisimama, akasema, “Sisi tunaomba mfereji ifunguliwe. Mikono tuko nayo. Tunaomba mutusaidie ku ile sehemu ya ng’ombe, tu.” Wengine wawili watatu wakasema vilevile. Kisha akasimama Papa Kashindi. Huyu alikuwa mwenye mashamba makubwa kule juu, karibu na mto, Mfuliiru wa ukoo unaoheshimiwa, mtu wa maneno machache na kofia ya kitambaa. Akasema, “Mugeni akikuletea kuku, huwezi mwambia ulitaka mbuzi.” Kanisa zima likacheka. Mimi nikaandika: wananchi wamekubali mashine.

Vijana, kama kuna kitu kimoja cha kushika hapa, ni hicho. Watu wa kwetu hawakatai zawadi mbele ya mtoaji. Kicheko kile hakikuwa ndiyo.

Mashine ilifanya kazi misimu miwili, na vizuri. Wageni walikuja kuipiga picha. Mazutu ya kuiendesha yalikuwa yanatoka mjini kwa madumu, na kila kaya ilichangia. Kwa kuwa maji yalikuwa na uhakika, Mama Spesiyoza aliacha muhogo akapanda tomati shamba zima. Mimi ndiye niliyemshauri. Msimu wa tatu, tomati ziko kwenye maua, kipande cha ndani ya mashine kikavunjika, kidogo hata kingeenea kiganjani. Nilikitafuta mjini, nikakitafuta Kavimvira kwa wale wanaovusha bidhaa mpakani, nikamtuma mtu Bujumbura. Kilicholetwa kilikuwa cha mashine nyingine. Halafu barabara ikafungwa kwa majuma kadhaa, sababu mnazijua, zimekuwepo tangu mzaliwe.

Nilipoweza kurudi, nilimkuta Mama Spesiyoza anang’oa mashina makavu ya tomati na kuwatupia mbuzi. Shamba lote lilikuwa na rangi ya majani ya chai. Njiani nilikuwa nimepishana na binti yake mkubwa, Esperansi, saa ambayo wenzake walikuwa darasani. Alikuwa na gunia la makaa kichwani, akanisalimia vizuri.

Nilisimama ukingoni mwa shamba nikasema, “Mama, nisamehe.”

“Juu ya nini? Si weye ulivunja mashine.”

Akaendelea kung’oa. Alimaliza mstari, akajinyoosha mgongo, ndipo akanitazama.

“Lakini siku ile mu kanisa nilisema mfereji. Nilikuona unaandika. Nikafikiri uko unaandika mfereji.”

Nilishika mstari wa pili, tukang’oa hadi mwisho bila maneno, nikarudi mjini. Usiombe kuambiwa neno la namna hiyo na mtu asiyekukasirikia. Angenitukana ningelala.

Nilipanda milimani kumwona Mzee Bulambo. Nilimweleza yote, nikamwambia nataka kuacha kazi, nikafundishe shule. Alikuwa anachonga mti kwa kisu. Akauliza, “Ulimujibu nini?”

“Sikujibu kitu, Muzee.”

“Ni vizuri. Sasa rudi kule.”

“Nirudi na nini? Ofisi haina mradi mwingine.”

“Rudi na miguu,” akasema. “Nitashuka nikusaidie.”

Kile alichokuwa anachonga kilikuwa mguu mmoja wa pembe ya kupimia. Wengi wenu mnapima mwinuko kwa simu siku hizi, na sina ugomvi na simu, ila ijueni pembe. Unafunga vijiti viwili virefu kwa juu, vipanuke chini kama miguu ya mtu aliyesimama, kisha unakatiza kijiti cha tatu katikati. Juu unaning’iniza kamba yenye jiwe. Ukisimamisha pembe ardhini na kamba ikapita katikati ya kile kijiti cha kukatiza, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unahama hatua kwa hatua, unachomeka vigingi, na maji yatafuata vigingi vyako. Haitaki betri. Mama yeyote akionyeshwa mara moja anaweza kuitumia, na akiivunja anatengeneza nyingine.

Tulirudi Mugobwe bila kitu. Watu waliokuja kutupokea waliuliza tumeleta nini, na tuliposema hatukuleta kitu, zaidi ya nusu wakaenda zao. Waliobaki tulitembea nao mfereji wote, kuanzia mkiani kwenda kichwani, na kila mmoja alisema shida ya kipande chake mbele ya wengine. Safari hiyo sikuandika hadi usiku, na kabla ya kuondoka niliwasomea nilichoandika. Mama Spesiyoza aliniomba nirudie sehemu moja. Nikairudia. Akasema, “Sawa. Sasa ni mfereji.”

Kazi ilikwenda kwa salongo, kijiji kizima pamoja, siku moja kila juma. Mwanzoni tuliweka Jumanne asubuhi, wanawake wakawa hawaji, na wanaume wakasema wanawake ni wavivu. Kumbe Jumanne ni siku ya soko. Tulihamisha hadi Alhamisi, na toka hapo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, lakini hakuna aliyerudi kufuta lile neno la uvivu. Mchanga ulitolewa kwa majembe na masinia. Palipovuja tulishindilia udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani. Saruji ilitumika mahali pamoja tu, pale ng’ombe wanapovukia, na hiyo ndiyo ofisi iliyotoa, baada ya mimi kuketi mlangoni kwa mkubwa wangu asubuhi tatu.

Maji yalifika shamba la mwisho siku ya jua kali, bila mvua popote. Tulikuwa watu kama kumi tunayafuata pembeni, yanakwenda polepole, yanasukuma takataka mbele yake. Mama Spesiyoza alitia mguu ndani, akausimamisha hapo kidogo, kisha akaenda nyumbani kuchukua jembe. Sherehe haikuwepo. Siku hiyo ilikuwa ya kupanda.

Zamu za maji waliziweka wenyewe. Waliangika rimu ya gurudumu la lori karibu na kanisa, ikigongwa mtu anafunga mlango wake wa maji na jirani anafungua. Papa Kashindi alichaguliwa msimamizi, kwa sababu ukimwacha nje mtu wa kichwani, mfereji una kichwa kisicho chenu. Esperansi alirudi shule, akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, akamaliza. Mzee Bulambo alistaafu, na miaka michache baadaye tulimzika kule kwao milimani, na shati lake lilikuwa limefungwa hadi shingoni.

Sasa niseme kuhusu mwaka wa jua.

Wote mnaukumbuka, ila wengine mlikuwa wadogo. Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili, watu wakapanda, kisha mbingu ikafungwa. Mto ulipungua, halafu ukahamia ng’ambo ya pili ya mchanga, mbali na mlango wa mfereji. Kilichoingia kilikuwa kama mkojo wa mbuzi, na hicho nacho kilinywewa na ardhi kabla ya kufika katikati. Rimu iligongwa, watu wakafungua milango, hakuna kilichotoka.

Siku moja mchana, mwanamume mmoja wa mashamba ya katikati, Donasi, alifungua maji kwenye zamu ya jirani yake. Jirani akampiga kwa mpini wa jembe, mkono ukavunjika. Ugomvi wa maji wa kawaida, tungeumaliza kwa shefu, mkuu wa kijiji, na mbuzi mmoja. Lakini Donasi alikuwa msemaji wa Kirundi na jirani alikuwa msemaji wa Kifuliiru, na kabla jua halijatua wanaume walikuwa wamesimama makundi mawili, kila kundi linaongea lugha yake, na yaliyosemwa hayakuwa tena ya maji. Mnajua mahali pengine bondeni mambo kama hayo yaliishia wapi. Nilikuwapo. Niliogopa, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kumpandisha Donasi kwenye moto aende hospitali.

Asubuhi shefu aliita mkutano. Ofisi ilikuwa imenipa mpango: kupunguza muda wa kila zamu ili wote wapate. Ulikuwa mkobani mwangu, umechapwa vizuri. Niliufikiria usiku kucha. Maji kidogo ukiyagawanya kwa watu wengi, kila mmoja anapata matope. Sikuutoa. Nilipopewa nafasi niliuliza swali moja tu: “Maji inapotelea wapi?”

Wakajibizana. Mwishowe wakakubaliana kwamba sehemu ya juu udongo ni mzito na unashika maji, lakini kuanzia katikati kwenda chini ni mchanga mtupu, na zaidi ya nusu ya maji inapotelea hapo. Mama Spesiyoza akasimama. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, na sasa alikuwa kwenye kamati.

“Basi maji isitembee,” akasema. “Sisi tutembee.”

Shefu akamwomba aeleze.

“Huu mwaka tufunge mfereji pale katikati. Mashamba yetu ya chini tuyaache yalale. Ile udongo ya juu tuigawanye vipande vidogo, kila nyumba ikuwe na kipande. Mwaka moja tu. Mvua ikirudi, kila muntu anarudi kwake.”

Watu wakageuka kumtazama Papa Kashindi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ile ya juu ilikuwa yake. Alivua kofia, akaivaa tena.

“Minye niko nawaheshimu,” akasema. “Lakini muntu ukimupa shamba msimu moja, kesho mutoto yake atasema ni ya baba yake. Tumeona hiyo. Siwezi.”

Akatoka. Wengine walinuna, ila mimi sikumlaumu. Alisema kitu cha kweli. Ardhi bondeni imezika watu wengi kuliko kiu.

Siku iliyofuata alipeleka vibarua wake mtoni wachimbe njia ya kuleta maji toka ng’ambo hadi kwenye mfereji. Walikuwa wanaume sita wenye nguvu. Mchanga wa mtoni hauchimbiki na watu sita. Ukitoa karai moja, yanaingia mawili. Walichimba siku tatu. Kila asubuhi walikuta jana imefukiwa. Watu wa chini walikuwa wanapita na kutazama. Hakuna aliyewacheka, na hakuna aliyewasaidia.

Siku ya nne nilikuwa uani kwa Mama Spesiyoza, tunapukuchua mahindi ya mbegu, Papa Kashindi alipobisha hodi. Katika miaka yote sikuwahi kumwona huko mkiani. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji aliyopewa, akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kisha akasema:

“Ile mchanga inaomba kijiji mzima.”

“Kijiji iko,” Mama Spesiyoza akajibu.

“Nikitoa shamba, vigingi nitapima minye mwenyewe.”

“Pima.”

“Na hakuna kupanda muhogo. Wala ndizi, wala muti yoyote. Mahindi na maharage tu.”

Nilitaka kuuliza kwa nini, nikajizuia, halafu nikaelewa. Muhogo unakaa ardhini zaidi ya mwaka. Mwenye muhogo shambani ana sababu ya kubaki.

“Mahindi na maharage,” Mama Spesiyoza akasema. “Na siku ya kuvuna, kila muntu atang’oa kigingi yake kwa mukono yake, mbele ya shefu, akupatie weye. Asiyeng’oa, sisi wa huku chini njo tutamufukuza, si weye.”

Papa Kashindi aliweka kikombe chini. “Hiyo ya mwisho,” akasema, “sikuifikiria.” Akasimama, akaaga. Mimi hawakuniuliza neno, na nilikuwa nimekaa katikati yao.

Watu wote walikwenda mtoni. Yule aliyempiga Donasi alikwenda, na Donasi alikwenda na mkono wake wenye bandeji, akawa anahesabu zamu za kubeba. Hawakusemezana. Nani alikuwa na nguvu za kupatana kwenye jua lile? Lakini walikunywa kwenye dumu moja, kwa kuwa dumu lilikuwa moja. Siku ya nane maji yaliingia, si mengi, ila yalishika njia. Papa Kashindi alipima vipande kwa kamba na kuchomeka vigingi mwenyewe, jasho linamtiririka, na hakuna aliyemwambia kipande chake ni kidogo, ingawa vyote vilikuwa vidogo.

Mavuno yalikuwa haba. Sitawadanganya. Kila nyumba ilipata ya kula kwa miezi michache, wakaongezea na ndagala na viazi walivyobahatisha. Hakuna nyumba ya Mugobwe iliyohama mwaka ule, na vijiji jirani vilihamwa.

Siku ya kung’oa vigingi shefu aliketi kwenye kiti shambani. Watu walipita mmoja mmoja, mtu anang’oa, anampa Papa Kashindi, anashukuru, anakwenda. Kabla ya saa sita rundo lilikuwa kubwa. Kilibaki kigingi kimoja, cha Donasi, na Donasi hakuwepo. Wengine wakaanza kunong’ona. Kesho yake hakuwepo bado. Papa Kashindi alikuja asubuhi akakaa kwenye jiwe kando ya kile kigingi, akatoka jua lilipotua. Mama Spesiyoza alikwenda nyumbani kwa Donasi mara mbili, akakuta mlango umefungwa, akarudi na uso mgumu.

Siku ya tatu Donasi akaonekana anakuja mbio toka barabarani. Mtoto wake alikuwa ameugua ghafla, walikwenda naye Kavimvira kwa dada yake aliye karibu na dispensari. Aling’oa kigingi kwa mkono mzima, ule mwingine haukuwa na nguvu bado, akampa mzee kwa kuinama.

“Papa, unisamehe, nilichelewa.”

“Mutoto anaendelea aje?” Papa Kashindi akauliza.

“Amepona.”

“Basi hujachelewa.”

Miaka mingi baadaye Papa Kashindi alinieleza kwamba usiku ule wa pili hakulala kabisa, na kwamba alikuwa amekwisha kunoa panga. Aliniambia huku anatazama pembeni. Ninaandika hapa ili mjue jinsi jambo lililokwenda vizuri linavyokuwa karibu na jambo lililokwenda vibaya. Kwenye ripoti nilikuwa nimeandika kwamba urejeshaji wa ardhi ulifanyika kwa utulivu.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, katika vijiji vingine, na mambo mengi hayakufaulu. Kisima kimoja kilitoa maji ya chumvi. Chama kimoja cha mbuzi kilikula mbuzi. Hayo nitawasimulia mkija Kasenga, njooni na sukari.

Mwaka jana mvua ilichelewa tena. Nilikuwa nimeacha Mugobwe mikononi mwa mwenzenu kwa muda mrefu, lakini nikawa na wasiwasi, nikapanda moto bila kumwambia mtu. Nilikuta mkutano kanisani. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza msichana mwenye kaye, anaandika wanaoingia. Sikumfahamu, naye hakunifahamu.

“Shikamoo Mama. Shamba yako iko upande gani?”

“Siko na shamba hapa.”

“Uko mugeni?”

Nilifikiri kidogo. “Ndiyo,” nikasema. “Niko mugeni.”

“Karibu. Lakini ukae nyuma, Mama. Leo tunagawanya vipande vya juu, wenye mashamba njo bako mbele.”

Nikaenda nyuma. Mama Spesiyoza alikuwa mbele kabisa, mzee sasa, ana fimbo. Papa Kashindi hakuwepo, miguu haimbebi tena, lakini mwanawe alikuwa amekalia benchi lake na kamba ya kupimia imezungushwa begani. Mama Spesiyoza aliniona, akataka kuinuka, nikamwashiria akae, kwa sababu alikuwa katikati ya kuongea. Akaendelea. Walibishana juu ya maharage, juu ya nani aanze kuchimba mtoni, juu ya mjane mmoja mpya ambaye hana mtu wa kumchimbia. Walibishana kwa sauti, kwa Kifuliiru, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Ilichukua mchana wote. Mara mbili niliona kosa dogo katika hesabu ya vipande, na mara zote mbili kuna mtu aliyeliona kabla sijamaliza kufikiri.

Walipotawanyika kazi ya msimu mzima ilikuwa imekwisha kupangwa. Msichana wa mlangoni alikusanya karatasi zake, akaniuliza kama nilipata nilichokuja kutafuta. Nikamwambia nilipata.

Juma lililofuata nilipeleka ofisini barua ya kuomba kupumzika.